Mawingu Nyuma ya Uso

Nimechoka na mawingu. Nasema yale ya kwenye kompyuta, meupe, yenye miale ya dhahabu inayochomoza nyuma ya kichwa cha mtu, ambayo kila mteja anayeingia dukani kwangu anayataka kana kwamba yanagawanywa kama sadaka. Bi harusi anayataka. Mtabibu wa dawa za miti anayataka. Fundi cherehani anayetangaza sare za shule naye anayataka. Nikiuliza ya nini, naambiwa tangazo lisiwe tupu, liwe na mvuto. Hilo neno mvuto limenizeesha kuliko miaka.

Duka liko Bagamoyo, si mbali na stendi. Kibao cha nje kinasema stesheneri, lakini humo ndani hakuna kazi isiyofanyika: fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi, mabango ya maulidi, vyeti vya madrasa. Nilianza kazi hii nikiwa msichana, kwa brashi na rangi ya mafuta, nikiandika majina ya maduka juu ya mabati. Wakati ule ukitaka herufi iwe na kivuli, ujue asubuhi yako yote imekwenda, kwa hiyo mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuomba kivuli. Kompyuta ilipokuja niliambiwa sasa nitapumzika. Sijapumzika. Kivuli ni kubonyeza kidole, mng'ao ni kubonyeza kidole, moto, maji, nyota, waridi linalodondosha umande, vyote kidole, na mteja amekaa pembeni yako anakutajia kimoja kimoja alichokiona kwenye tangazo la jirani yake.

Kuna mama mmoja anakaanga samaki karibu na soko. Alikuja akitaka bango. Nikapiga picha ya samaki changu aliyeiva vizuri, mwekundu, juu ya sahani nyeupe, na jina la mama kwa herufi nene chini yake. Ukipita na baiskeli unasoma. Alilitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa wa mwenzake, akasema dada yangu, hili limepoa. Akataka moto kuzunguka jina. Akataka samaki ang'ae. Akataka mawimbi nyuma, na kwa kuwa nafasi ilikuwa bado ipo, akataka na miale. Nilimwuliza samaki huyu anakaangwa au anafufuliwa. Tulicheka wote wawili, halafu nikamwekea kila alichotaka, maana mteja ni mfalme na bango ni lake. Bango lile lipo mpaka leo. Jua limekula rangi, moto umebaki, jina halisomeki, na watu wanafika kwake kwa kufuata harufu.

Nisieleweke vibaya, sichukii pambo. Mtu wa pwani atachukiaje pambo? Lakini hata hina ya bi harusi ina mahali inapoishia. Mpakaji akipanda nayo mpaka kwenye paji la uso ataulizwa kama ana akili timamu. Ua la hina linaonekana kwa sababu pembeni yake kuna ngozi tupu. Hilo ndilo nililokuwa nikiwaeleza wateja kwa miaka, mpaka nikachoka, nikaacha kueleza, nikawa nauliza tu: mawingu ya namna gani?

Sijui nani aliyeyaleta kwetu. Ninachojua ni kwamba yalianzia kwenye tanzia. Siku hizi mtu akifariki alfajiri, kabla maiti haijaoshwa tangazo limeshazunguka simu zote kutoka hapa mpaka Saadani: uso ndani ya duara, mawingu, miale, Innalillahi kwa herufi za dhahabu. Mtindo ni mmoja, unabadilishwa uso tu. Nyingine nimezitengeneza mimi, nyingi watu wanajitengenezea wenyewe kwenye simu. Tumezizoea kiasi kwamba hatuhitaji kuzisoma. Anayejua kusoma na asiyejua, wote wakiona mawingu yale wanasema innalillahi kwanza, ndipo wanatafuta miwani wajue ni nani. Na hao hao, wakija kuozesha, wanataka mawingu yale yale. Ukiwaambia kwamba hii ni sura ya msiba, wanakuona una husuda.

Wa kwanza kulisema jambo hili kwa sauti dukani kwangu alikuwa baba, na alilisema kwa bahati mbaya. Baba alikuwa mkulima wa Mkange, wa ufuta na mihogo, mtu wa kumtangulia jogoo kuamka. Mama alipofariki akaanza kusahau. Mwanzo vitu vidogo, ufunguo, jina la mjukuu. Halafu akawa anaswali alasiri, anakaa kidogo, anauliza kama alasiri imeshaadhiniwa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anaishi huko huko Mkange na mke wake na watoto, alinipigia simu kuniambia baba amekutwa akipalilia shamba aliloliuza zamani, na mwenye shamba anaona haya kumfukuza. Nikamleta Bagamoyo akae na mimi. Mchana alikuwa dukani, kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mashine ya fotokopi, na kofia yake na msuli wake, akitazama nyuso za watu zinavyopita kwenye kompyuta.

Siku moja nilikuwa namalizia kadi ya binti mmoja wa hapa mjini, mawingu tele kama alivyoagiza. Baba akasogeza kiti.

"Innalillahi," akasema. "Mtoto mdogo hivi. Kafa lini?"

Nikamwambia hajafa, anaolewa Ijumaa. Alitazama tena kwa muda mrefu, akatingisha kichwa.

"Basi mtoeni huko. Watu watamlilia bure."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Binti alipokuja kuchukua kadi zake nikamsimulia. Yeye hakucheka. Aliomba miale iongezwe upande wa kulia.

Baba alipotea siku moja baada ya sala ya adhuhuri. Msikiti uko karibu na duka, na siku zote alikwenda mwenyewe akarudi mwenyewe, miguu yake ikikumbuka kuliko kichwa. Mchana ule hakurudi. Nilifunga duka nikaenda kuuliza, wakaniambia aliswali safu ya mbele, akatoka na watu, akaaga vizuri. Nikaenda sokoni, nikaenda stendi, nikaenda hospitali. Msikitini wakamtangaza kwa kipaza sauti. Polisi wakaniandika, wakaniuliza alikuwa amevaa msuli wa rangi gani. Nilikuwa nimekaa naye tangu asubuhi, tumekunywa chai kikombe kwa kikombe, na sikukumbuka rangi ya msuli wake. Mimi, ambaye kazi yangu ni rangi. Nilisema nadhani bluu, na askari akaandika bluu.

Nilikuwa nimeshampigia mdogo wangu, naye aliniambia anakuja na pikipiki na kwamba kwanza atafanya kitu huko huko, nisiwe na wasiwasi. Nilipotoka polisi simu ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Nikajua baba ameonekana. Nikafungua ujumbe wa kwanza, wa mteja wangu wa siku nyingi: Pole sana dada kwa msiba, Allah amrehemu mzee wetu. Nikafungua wa pili, pole. Wa tatu, pole, maziko ni lini. Nikakaa kwenye ngazi za kituo watu wakinipita. Mtu anakuwa yatima kwa muda mfupi sana. Mimi nilikuwa yatima kwa muda ule wa kusubiri picha ifunguke kwenye simu.

Picha ilifunguka. Ilikuwa tangazo, na mtengenezaji wake alikuwa mdogo wangu. Alichukua picha ya baba ya Idi, ile ya kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, akaipitisha kwenye programu ya simu inayolainisha ngozi, mikunjo yote ikaondoka, na kovu la chini ya jicho la kushoto, ambalo baba alilipata kwenye mkonge ujanani, likaondoka pia. Akamweka ndani ya duara. Nyuma akaweka mawingu, na katikati ya mawingu miale. Juu, kwa herufi za dhahabu zenye kivuli na mng'ao, aliandika Amepotea, zikachanganyika na miale hata ukalazimika kusogeza simu kwenye pua ili uzione. Namba za kupiga zilikuwa chini kabisa, ndogo, nyeupe juu ya wingu jeupe. Baba alikuwa anapendeza kama malaika, na hakuna mtu yeyote duniani ambaye angeweza kumtambua.

Na kwa kuwa hakuna anayesoma, habari ilishakimbia. Nilipofika nyumbani nilikuta mikeka imetandikwa barazani. Majirani wamekuja na mchele, na sukari, na yule mama wa samaki amekuja na sufuria zake kubwa za shughuli. Wanawake waliponiona walisimama kunipokea, wakaanza kulia kwa namna ile ya kumsaidia mfiwa aanze. Na mimi nikalia, ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mikono ilikuwa imeshanikumbatia. Ilinichukua muda kupata sauti ya kusema baba hajafa. Nilipoisema, mmoja akamwambia mwenzake kwa kunong'ona, bado hajakubali.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alifika kwa basi la jioni kutoka Mkange akiwa amejifunga kanga ya msiba. Tulipomweleza alikaa chini mlangoni na viatu vyake mguuni. Hakujua afurahi au aendelee kuomboleza. Mdogo wangu naye akafika, vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hajazima pikipiki nilimwendea nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia amemzika baba akiwa hai. Nilimwuliza anamtafuta mtu au anamsindikiza.

Alizima pikipiki nilipomaliza. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Wewe ungetaka nimtoe vipi? Picha tupu, kwenye karatasi nyeupe, kama jambazi anayetafutwa? Nimemweka kwa heshima. Baba si mwizi."

Mimi ndiye niliyejidai kwa miaka kwamba najua watu wanavyotazama picha, na sikuwahi kulifikiria hili, kwamba kwa ndugu yangu, na kwa mama wa samaki, na kwa wote wanaosimama mbele ya meza yangu, kumwacha mtu bila pambo ni kama kumtoa nje bila nguo. Mawingu yale ni kanzu. Mtu anamvisha mwenzake kile kizuri alichonacho. Hasira ilinitoka na badala yake ukaja uchovu, na uchovu ni mbaya zaidi, kwa sababu hauna pa kwenda.

Tulijaribu kusahihisha kwa simu. Tuliandika kwenye makundi yote kwamba mzee yuko hai, amepotea tu, aombewe dua na atafutwe. Lakini habari ya kifo ina mbio, habari ya kukanusha inachechemea. Watu waliendelea kutuma lile la mawingu. Wengine walijibu kwa upole kwamba tusiwe na papara, kila nafsi itaonja mauti. Na baba alikuwa huko, popote alipokuwa, anatembea kati ya watu walioshamwombea maghfira. Kila saa iliyopita niliwaza juu ya kiu yake. Alikuwa hajui tena kuomba maji kwa mgeni. Alikuwa akiona kiu ananyamaza, mpaka mimi nikumbuke.

Kulipokucha nilifungua duka. Nilitafuta kwenye kompyuta picha yoyote ya baba ambayo haikupigwa kwa ajili ya kupendeza. Ilikuwepo moja. Niliponunua taa mpya za picha za pasipoti nilimwambia akae mbele ya kitambaa cheupe nizijaribu, na nikampiga bila kumwambia atulie. Amekunja jicho kwa mwanga. Mdomo uko wazi kidogo, mapengo yanaonekana. Kofia imeenda upande. Ndevu hazijanyolewa, na kovu lipo, refu, kutoka chini ya jicho mpaka katikati ya shavu.

Niliifanya kubwa mpaka ikachukua nusu ya karatasi. Mkono wangu, kwa mazoea, ulikwenda kwenye kivuli, nikaurudisha. Juu niliandika YUKO HAI. AMEPOTEA. Chini nikaandika ana kovu chini ya jicho la kushoto, ukimwona mkalishe, mpe maji, piga namba hii. Na namba nikaiweka kubwa kuliko maneno yote. Basi. Kulikuwa na nafasi tupu kila upande, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mteja wa kuniuliza mbona umeiacha.

Mteja alikuwepo nyumbani. Kwetu huwezi kumtoa baba yako hadharani namna ile bila idhini ya wakubwa wake, na mkubwa wake aliyebaki alikuwa shangazi. Nilimpelekea karatasi barazani, ambako mikeka haikuwa imekunjwa, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni bahati mbaya kuikunja au kuiacha. Shangazi aliishika kwa mikono miwili. Uso ulimbadilika. Alisema mtu aliyeswalisha watu, mtu aliyeozesha watoto wa wenzake, leo tunamtoa kwa madereva na makuli mapengo wazi, ndevu hazijanyolewa, kama hana watoto. Alisema tunamvua nguo na sisi pamoja naye. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilijua anakubaliana na kila neno.

Ningeweza kumweleza habari za nafasi, na ukubwa wa herufi, na jicho linavyotembea kwenye karatasi. Nimeyaeleza hayo maisha yangu yote na hayajawahi kumgeuza mtu. Nilichukua simu, nikafungua lile la mawingu, nikaliweka juu ya paja lake pembeni ya karatasi yangu.

Shangazi alitazama simu. Alitazama karatasi. Akairudia simu. Alipitisha kidole juu ya shavu lile lililolainishwa, akitafuta kitu, akakikosa, kidole kikahamia kwenye karatasi.

"Huyu wa mawinguni ni marehemu," alisema mwishowe. "Huyu ni mdogo wangu."

Akanirudishia karatasi na kujifuta uso kwa kanga. "Bandikeni," akasema. "Na hii mikeka mwikunje."

Tulizitoa kwenye fotokopi, nyeusi na nyeupe, maana ndiyo mashine yenye haraka. Mdogo wangu aliuliza hata rangi hatuweki, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi na kulalamika kwa pamoja. Nikamwambia hata rangi. Tukawapa makondakta wa mabasi, tukawapa wenye pikipiki wa kuelekea Mkange, kisha mimi na yeye tukapanda basi la Chalinze, kwa sababu karibu kila anayetoka kwetu kwenda bara hupita pale.

Nilikuwa sijawahi kuzitazama kuta za Chalinze kwa makini. Hakuna inchi iliyobaki. Wahubiri wenye moto mikononi, waganga wenye nyota, shule zenye miale, bendi, sabuni, vinywaji, nyuso zinazong'aa moja juu ya nyingine mpaka huoni hata mmoja anauza nini. Mdogo wangu alipaka gundi, mimi nikabandika, chini ya jua lile la barabarani lisilo na kivuli cha kweli. Karatasi zetu zilionekana kama mtu amekata madirisha kwenye ukuta. Watu walisimama. Madereva walioshuka kunyoosha miguu walisimama, wakasoma mpaka namba, wakamtazama baba na mapengo yake. Nilikuwa nimesubiri miaka yote hiyo kuona watu wakisimama mbele ya kazi yangu namna ile, na sikuhisi chochote. Nilitaka kurudi nyumbani nilale.

Simu ilikuja tukiwa tumekaa kwenye kibaraza cha duka kusubiri basi la kurudi. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Alisema yuko Ubena, anauza chai na chapati pale malori yanapoegesha, na dereva mmoja amekuja na karatasi. Aliuliza kovu ni la jicho gani. Nikasema la kushoto. Nikasikia anageuka, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea, njooni.

Mdogo wangu alizungumza na dereva wa lori, naye akatupakia mbele. Njiani ndipo aliponikumbusha kwamba baba, kabla hajaoa, aliwahi kukata mkonge huko Ubena. Tulikuwa tukilijua jambo hilo kama unavyojua hadithi, hakuna aliyelifikiria kuwa ni mahali pa kwenda.

Yule mama alikuwa mnene, mpole, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Alitupokea nje ya banda lake kabla hatujaingia, akatushika mikono, nikaona alikuwa na jambo linalomtesa. Alisema jana mzee alishuka kwenye lori akasema anasubiri gari la mkonge. Yeye akamwacha asubiri kwenye benchi lake. Jioni ile ile akaona tanzia kwenye simu, akaona yule marehemu amefanana na huyu mzee mpaka basi, ila marehemu ni mweupe, hana kovu, na kijana kidogo.

"Sasa mtu utamwambiaje, baba, wewe umefanana na maiti? Si ni kumtabiria mabaya?" alisema. "Nikanyamaza. Nikamrehemu yule marehemu wa watu, na chapati na chai nikawa nampa huyu, nikasema iwe sadaka ya yule." Alianza kulia. "Nisameheni. Alikuwa hapa muda wote huo."

Mdogo wangu aligeuka akatazama barabara. Malori yalikuwa yanapita, moja baada ya jingine, na alibaki akiyatazama kana kwamba kuna analolisubiri. Nilimwambia yule mama hakuna cha kusamehe. Nilimwambia Mungu amlipe, kwa sababu baba alikula, na alikunywa, na hakulala na kiu. Nilikuwa natamani kumbusu ile mikono ya unga.

Kisha nikaingia. Baba alikuwa amekaa mwisho wa benchi, ameegemea nguzo, kikombe mkononi. Msuli wake ulikuwa wa kijani. Ndevu zilikuwa hazijanyolewa, kofia imeenda upande, jicho limekunjwa kwa mwanga uliokuwa unaingia nyuma yangu, vile vile kama kwenye karatasi. Dereva yeyote angemjua. Nilichuchumaa mbele yake ili anione vizuri. Alinitazama. Alipita usoni kwangu taratibu, paji, macho, mdomo, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumkosea mgeni. Kisha akaweka kikombe chini, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kuniita mama halikuwa jambo. Nimepewa jina la mama yake, na ameniita hivyo tangu nizaliwe. Lakini katika maisha yangu yote mimi ndiye niliyemwamkia, kila asubuhi, na yeye ndiye aliyeitikia. Yule mama wa chai aliacha kazi yake akatutazama. Baba alikuwa bado ameinama, anasubiri, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri hainui kichwa mpaka ajibiwe.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Nikamshika mkono, akanyanyuka, akanifuata nje bila kuuliza tunakwenda wapi.